Mheshimiwa Jaji Mkuu, naomba wazee wa baraza wakumbukwe katika kesi za mauaji

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania,
Makao Makuu ya Mahakama,
Dodoma.

Mheshimiwa,

Najua muda wako ni wa taifa zima, na mezani pako kuna mambo mazito kuliko barua ya mwalimu mstaafu. Najua pia kwamba Jaji Mkuu hatungi sheria, na sitakuomba jambo lolote lililo nje ya mamlaka yako. Kama nitasema neno bila ustadi wa kisheria, naomba radhi tangu sasa. Kilichonisukuma kuandika ni nafasi ya wazee wa baraza katika kesi za mauaji zinazosikilizwa na Mahakama Kuu.

Wakati bado nafundisha shule ya msingi niliitwa kuketi na Mheshimiwa Jaji kama mzee wa baraza katika kikao cha kesi za mauaji. Mji sitautaja, wala watu waliohusika, maana msiba ule una wenyewe mpaka leo. Kwa sheria ilivyokuwa, raia yeyote mwenye umri wa kati ya miaka 21 na 60 aliweza kuitwa, na akishaitwa alikuwa na wajibu wa kwenda. Barua ilipofika kwa mwalimu mkuu, walimu wenzangu walinipa mkono wa pongezi. Mama yangu hakunipongeza. Aliniuliza kama nitapata usingizi baada ya kusema mtu anyongwe. Nikamjibu kwamba mzee wa baraza hatoi hukumu, anayehukumu ni jaji. Akasema, "Lakini wewe utasema, na wenyewe watakusikia."

Mheshimiwa, sijapata kusikia maelezo bora ya wajibu ule kuliko hayo ya mama.

Siku ya kwanza Mheshimiwa Jaji alitueleza kazi yetu kwa Kiswahili chepesi. Tusikilize kila shahidi tangu mwanzo mpaka mwisho. Tukitaka kuuliza, tuulize ili tuelewe, kwa sababu kumhoji shahidi kwa kumbana ni kazi ya mawakili. Tusizungumze na mtu yeyote kuhusu kesi ile, hata nyumbani. Mwisho atatuomba maoni, kila mmoja ya kwake. Kisha akamgeukia mshtakiwa kizimbani na kumuuliza kama ana pingamizi dhidi ya yeyote kati yetu. Kijana yule alitutazama mmoja baada ya mwingine, akasema hana. Ninaamini utaratibu huo wa mahakama ulikuwa na hekima kubwa kumpa mtu anayeshtakiwa kwa kosa la kunyongwa nafasi ya kututazama usoni na kusema hawa nawakubali au nawakataa.

Kuna mengi ambayo mtu wa nje hayajui kuhusu kazi ile. Mfano ni siku Wakili wa Serikali alipotaka kutoa maelezo ya onyo ya mshtakiwa, yaani yale aliyoandikisha polisi, na wakili wa utetezi akasema mteja wake aliteswa ili ayatoe. Tuliambiwa tutoke nje. Ilisikilizwa kesi ndogo ndani ya kesi, sisi tukiwa hatupo, ili iamuliwe kwanza kama maelezo yale yapokelewe. Lengo ni kwamba yakikataliwa yasiwe yameshaingia masikioni mwetu. Tulikaa chini ya mwembe, upande mmoja sisi, upande mwingine ndugu wa marehemu, na kati yetu hapakupita neno zaidi ya shikamoo na marahaba. Ninavyojua vijiji vyetu, kumnyamazia jirani aliyefiwa ni jambo gumu sana, na wazee wale walilitimiza.

Naomba pia nisimulie swali moja, kwa ruhusa yako. Shahidi mkuu alikuwa jirani aliyesema alimtambua mshtakiwa yapata saa nne usiku, kwa mwanga wa mbalamwezi. Kuhusu kutambuana gizani, Mahakama ya Rufani iliweka mwongozo mwaka 1980 ambao naambiwa kila wakili anaujua: mwanga ulitoka wapi na ulikuwa na nguvu kiasi gani, umbali ulikuwaje, shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, walifahamiana kabla au la. Mawakili waliuliza hayo yote, na waliuliza vizuri. Mmoja wetu, mkulima wa mpunga asiye na maneno mengi, akaomba ruhusa ya kuuliza. Alitaka kujua tu kama shahidi anakumbuka watu walitoka lini kuutazama mwezi wa Ramadhani mwaka ule. Shahidi akajibu bila kusita kwamba ilikuwa jioni ya siku iliyofuata baada ya mauaji. Ukumbi ulikaa kimya. Usiku wa kuamkia siku ya kuutafuta mwezi mwandamo hakuna mbalamwezi saa nne.

Sisemi kwamba shahidi yule alidanganya. Huenda palikuwa na taa, huenda alichanganya usiku mmoja na mwingine kwa sababu ya mshtuko. Ninachosema ni kwamba upande wa mashtaka haukuwa umeliona hilo, wala upande wa utetezi, na mtu anayehesabu siku zake kwa mwezi wa angani aliliona papo hapo. Mheshimiwa Jaji aliliandika. Baadaye alilirudia katika majumuisho yake na kutueleza lina uzito gani kisheria, na lisiwe na uzito gani.

Ikafika zamu ya kutoa maoni. Uingereza, baraza la watu kumi na wawili hujifungia chumbani, hubishana kwa siri, kisha mmoja wao hutoka na kusema neno moja kwa niaba ya wote. Kwetu sheria ilimtaka kila mzee aseme kwa kinywa chake, hadharani, na maoni yake yaandikwe. Nilisema yangu huku mama wa marehemu akiwa kwenye benchi la mbele na baba wa mshtakiwa amesimama mlangoni. Sitayarudia hapa. Hakuna kazi niliyowahi kufanya, na nimefundisha maisha yangu yote, iliyonitaka niwe mkweli kiasi kile. Maneno ya mama niliyaelewa wakati huo.

Natambua, Mheshimiwa, kwamba jaji hakufungwa na maoni yetu, na naona ni sawa. Kwa jirani zetu Kenya, Mei 2009, Jaji Muga Apondi alimtia hatiani Thomas Cholmondeley, wa ukoo wa Lord Delamere, kwa kumuua bila kukusudia mwashi aliyepigwa risasi katika shamba la Soysambu mwaka 2006, ingawa wazee wa baraza walikuwa wamesema hana hatia. Jaji aliwasikia, akapima ushahidi, akaona vingine. Kenya yenyewe ilikuwa imeshawaondoa wazee kwa sheria ya 2007, na kesi ile iliendelea nao kwa kuwa ilianza kabla.

Wala sidai kwamba kuwepo kwa wazee peke yake ni haki. Novemba 1956 huko Nyeri, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alisimamishwa mbele ya Jaji Mkuu wa koloni la Kenya, Kenneth O'Connor, pamoja na wazee watatu Waafrika. Wote watatu walisema ana hatia, na Februari 1957 akanyongwa. Katika koloni hilohilo, Mzungu aliyeshtakiwa kwa mauaji alisikilizwa na baraza la Wazungu wenzake ambalo uamuzi wake ulikuwa na nguvu kamili, ilhali wazee wa Kiafrika walitoa ushauri tu. Wazee wa kutoa ushauri ndio urithi tulioupokea nasi kutoka kwa Waingereza. Tulipopata Uhuru tungeweza kuutupa, lakini nchi yetu iliamua kuutumia kwa heshima zaidi, na kwa miaka mingi kifungu cha 265 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kiliagiza kwamba kesi zote za Mahakama Kuu zisikilizwe kwa msaada wa wazee wawili au zaidi.

Tangu nistaafu nimejaribu kufuatilia hukumu za Mahakama ya Rufani kuhusu jambo hili, na naomba uniwie radhi kwa kuyagusa yaliyo juu ya upeo wangu. Mwaka 1954 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kusema kwamba maoni ya wazee yana thamani kubwa iwapo tu wazee wameelewa vyema mambo ya kesi na sheria inayohusika. Mwaka 1982 Mahakama yetu ya Rufani ikasema kwamba wazee wakipotoshwa katika jambo la msingi, kesi hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa imesikilizwa kwa msaada wa wazee. Baada ya hapo hukumu nyingi za mauaji zilifutwa. Mara jaji hakuwaeleza wazee maana ya nia ovu, au jinsi ya kupima ushahidi wa mazingira. Mara wazee waliachwa wawahoji mashahidi kama mawakili wa upande mmoja. Ikaamriwa kesi ianze upya, mshtakiwa arudi mahabusu, mashahidi watafutwe tena, na wengine wakakutwa wameshafariki.

Maumivu hayo nayaelewa, na sithubutu kuwalaumu waliotafuta dawa yake. Mtu aliyekwisha kukaa mahabusu kwa miaka, kwa kosa lisilo na dhamana, kuambiwa aanze upya kwa sababu fulani hakumweleza fulani kitu fulani, ni mateso ambayo hakustahili. Hata familia ya marehemu huzika mara ya pili. Lakini ukizisoma hukumu hizo kwa utulivu, Mheshimiwa, utaona kwamba hata mzee alipouliza asichopaswa kuuliza, kosa lilihesabiwa kuwa la aliyepaswa kumwongoza. Wazee walikuwa tayari kufundishwa. Tukachagua njia iliyo fupi zaidi, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yakaondoa ulazima wa kuketi nao.

Kinachonisikitisha ni wakati lilipotokea hilo. Mwaka 2021 Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kufanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, jambo ambalo walimu wa Kiswahili nchi nzima tulilishangilia. Kwa miongo mingi shahidi alisema kwa Kiswahili, jaji akaandika kwa Kiingereza, majumuisho yakaandaliwa kwa Kiingereza, kisha yakatafsiriwa kwa wazee papo kwa papo. Nani atashangaa kwamba wakati mwingine hawakuelewa? Kizuizi kikubwa cha uelewa wao kilikuwa ndiyo kwanza kinaondolewa, na mwaka uliofuata ikaruhusiwa wazee wenyewe waachwe nje. Hawakupata nafasi ya kufanya kazi yao katika mahakama inayosema lugha yao tangu hati ya mashtaka hadi hukumu.

Naomba kuongeza jambo linalohusu adhabu. Kwa Kanuni ya Adhabu, anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia hukumu yake ni moja tu, kunyongwa, na jaji hana hiari ya kupunguza. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema kwamba kumnyima jaji hiari hiyo kunakiuka haki ya kuishi. Mjadala huo una wakubwa wake, nami siuingilii. Lakini maadamu sheria iko hivyo, uzito wote wa kesi unaangukia swali moja: je, mtu huyu alikusudia? Alikuwa ameghadhibishwa kiasi cha kupoteza akili, au alikuwa amepanga? Tusi alilotukanwa kilabuni, katika kabila lile na mbele ya wakwe, ni tusi la kupita au ni tusi la kumfanya mtu ashike panga? Jaji aliyesomea Dar es Salaam na kuhamishwa vituo vitano anaweza kuwa bingwa wa sheria asilijue hilo, na halijaandikwa katika kitabu chochote cha sheria. Mkulima wa mpunga analijua.

Tena kuna faida inayoonekana baada ya kesi kwisha. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini wakati ambapo mauaji yale yalikuwa yametutia aibu duniani. Mikoa yenye mauaji hayo ilihitaji kusikia kwamba kuua kwa imani kuwa viungo vya mtu huleta utajiri ni uuaji mtupu. Neno hilo likitoka kwa Serikali peke yake, wapo watakaolisikia kama agizo la wageni. Likibebwa na mzee aliyeketi kortini, akasikia ushahidi wote kwa masikio yake, kisha akarudi kuishi nao, kunywa nao maji na kuzikana nao, linaingia nyumba kwa nyumba. Ndivyo ilivyo pia kwa vikongwe wanaouawa kwa kushukiwa uchawi. Na mshtakiwa anapoachiwa huru, kijiji kinahitaji mtu wake mwenyewe wa kukieleza kwa nini, kabla minong'ono ya rushwa haijaanza.

Sitaki kukuficha upungufu. Wapo wazee walioshawishiwa kwa fedha, na wapo walioogopa. Wengine walilala ukumbini mchana wa joto. Posho ilichelewa, na nimemwona mwenzetu akitembea kwa miguu kurudi kwake jioni baada ya kutwa nzima ya kusikiliza jinsi mtu alivyochinjwa, kisha asubuhi yupo tena kabla ya karani. Hakuna aliyetuuliza usiku tunalalaje. Mambo haya yanarekebishika, na mengi hayahitaji fedha nyingi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa moyo wa unyenyekevu naleta maombi yangu. Sheria ya sasa haijafunga mlango. Haijamkataza jaji kuketi na wazee, imemwachia uamuzi. Ninachoomba ni mwongozo kutoka kwako unaowahimiza Waheshimiwa Majaji kuutumia uhuru huo kwa upande wa kuwaita wazee pale ambapo mshtakiwa anakabiliwa na adhabu ya kifo na ubishi unahusu kutambuliwa, nia, hasira au mila za mahali. Na pale Mheshimiwa Jaji anapoona ni bora aketi peke yake katika kesi ya namna hiyo, basi aandike sababu, hata kwa sentensi moja, ili mshtakiwa na ndugu wa marehemu wajue jambo hilo lilifikiriwa.

Naomba pia Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kitazamwe kama mahali panapoweza kuandaa kijitabu chepesi cha Kiswahili kwa ajili ya mzee anayeitwa kwa mara ya kwanza. Kimweleze anaweza kuuliza nini na asiulize nini, kwa nini atatolewa nje wakati wa kesi ndogo, nia ovu ni nini, tofauti ya kuua kwa kukusudia na bila kukusudia ni ipi, na afanye nini mtu akimfuata usiku na bahasha. Kijitabu hicho kikiwekwa mikononi mwa mzee, na mambo yayo hayo yakifafanuliwa na Mheshimiwa Jaji kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza na tena katika majumuisho, sababu nyingi za kufutwa kwa kesi zitakuwa zimezibwa mapema. Na nyaraka za kesi zikiandikwa kwa Kiswahili, Mahakama ya Rufani itaweza kuona hasa nini waliambiwa na nini walijibu.

Najua orodha ya kesi ni ndefu na mahabusu wanasubiri. Kama mwongozo kwa nchi nzima ni mzigo mkubwa kwa sasa, basi naomba kwa heshima uanzie katika kanda moja ya Mahakama Kuu itakayokupendeza, na wengine wajifunze kwa hiyo. Tupo wengi tuliowahi kuketi, walimu, wakulima, wauguzi, mafundi, na baadhi bado tuna nguvu na kumbukumbu. Tukiitwa kueleza tuliyoyaona, tutakuja kwa nauli zetu.



Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu, aliyewahi kuwa mzee wa baraza